Sura ya Nne: Jina na Mwenye Jina

Kuna swali ambalo wasomaji huliuliza mara wanapoanza kuifikiria lugha kwa makini: inawezekanaje mtu ataje kitu ambacho hajawahi kukiona, na bado akitaje hichohicho, si kingine? Mwanafunzi wa Tanga anatamka "Ujiji" akiwa hajawahi kuvuka Morogoro. Mjukuu anamtaja babu wa babu yake, aliyezikwa miaka mingi kabla yeye hajazaliwa. Huenda nusu ya wanayoyajua juu ya Ujiji na juu ya babu huyo si kweli. Hata hivyo, wanaposema, tunakubali kwamba wanausema mji ule na mtu yule. Ni nini basi kinacholiunganisha jina na mwenye jina?

Wanafalsafa wa lugha wamelishughulikia swali hili kwa zaidi ya miaka 150, na majibu yao makuu ni matatu. Katika sura hii tutayapima majibu hayo kwa mambo yaliyotokea katika njia ya kale ya misafara, iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Tabora katika nchi ya Unyamwezi na kufika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Katika karne ya 19 njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu, nguo, shanga na wanadamu waliouzwa utumwani. Ilipitisha pia majina: ya mito, maziwa, watawala na miji, yaliyosafiri hadi pwani, na kutoka pwani hadi Ulaya. Baadhi yalifika salama na baadhi yalifika yamevurugika. Hoja yangu ni kwamba jina hushikamana na kitu kwa mnyororo wa watu waliopokezana kulitumia, na kwamba mnyororo huo hauaminiki mpaka ukutane na minyororo mingine na kusahihishwa.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno mawili. Kitu chenyewe kinachotajwa na jina tutakiita *kirejelewa*. Kirejelewa cha jina "Tabora" ni mji ule wenyewe, pamoja na ardhi yake, nyumba zake na watu wake. Sifa ambazo mtu hutumia kukieleza kitu tutaziita *wasifu*. "Mji ambako reli ya Mwanza inaachana na reli ya Kigoma" ni wasifu wa Tabora.

Jibu la kwanza: jina ni alama tu

Mwaka 1843 Mwingereza John Stuart Mill alieleza kwamba jina la pekee, yaani jina la mtu mmoja au mahali pamoja, ni alama iliyobandikwa juu ya kitu. Halibebi sifa yoyote. Mtu anayeitwa Masika anaweza kuwa alizaliwa kiangazi, na jina lake likabaki kuwa lake. Kwa Mill, kazi ya jina inaanzia na kuishia kwenye kirejelewa chake.

Jibu hili lina ukweli mwingi, lakini lilikwama mahali ambapo Mjerumani Gottlob Frege alipaonyesha mwaka 1892. Tumchukue mfanyabiashara mmoja mashuhuri wa njia yetu. Huko bara alijulikana kwa jina la Tippu Tip. Jina lake la nyumbani lilikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, mzaliwa wa Zanzibar, ambaye baba yake, Muhammed bin Juma, aliishi Tabora na kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Sasa linganisha sentensi mbili. Ya kwanza: "Tippu Tip ni Tippu Tip." Ya pili: "Tippu Tip ni Hamed bin Muhammed." Ya kwanza haimfundishi mtu chochote. Ya pili ingeweza kumshangaza mtu aliyemfahamu Hamed kama kijana wa familia fulani ya Zanzibar, na akasikia pembeni habari za Tippu Tip wa Manyema. Kama kazi yote ya jina ni kumwonyesha mwenyewe, na mwenyewe ni mmoja, sentensi hizo zilipaswa kuwa na uzito uleule. Hazina.

Jibu la pili: jina ni wasifu uliofupishwa

Frege alitatua fumbo hilo kwa kusema kwamba kila jina, mbali na kirejelewa chake, lina njia yake ya kukileta kitu mbele ya akili. Bertrand Russell wa Uingereza akaenda mbali zaidi katika makala yake ya 1905 na kazi zilizofuata. Kwake, majina tunayotumia kila siku ni wasifu uliofichwa. Ukisema "Tippu Tip", akilini mwako unasema kitu kama "yule mfanyabiashara wa pembe aliyetawala Manyema." Ukisema "Hamed", unasema "yule mtoto wa Muhammed bin Juma." Wasifu ni mbili, mtu ni mmoja, na ndiyo maana kugundua kwamba ni mmoja ni habari.

Jibu hili linavutia kwa sababu linafanana na tunavyofanya tukiulizwa. Mtu akikuuliza, "Mirambo ni nani?" utamjibu kwa wasifu: mtawala wa Unyamwezi aliyepigana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871 na kufariki mwaka 1884. Hutamwonyesha kwa kidole, kwa maana hayupo. Wasifu pia una kazi yake halali mahali ambapo jina bado halijapatikana. Richard Burton na John Speke, waliofika Unyamwezi mwaka 1857, waligombana kwa miaka juu ya "chanzo cha Mto Naili." Burton alilipigania Ziwa Tanganyika, Speke ziwa la kaskazini. Waliweza kubishana bila kupishana maneno kwa sababu wote wawili walitumia wasifu mmoja na kutafuta ni ziwa lipi linaloutimiza.

Mahali wasifu unaposhindwa

Shida inaanza tunaporudi kwenye majina yenyewe. Turudi kwa mwanafunzi wetu wa Tanga, na tuseme kitu pekee anachokijua juu ya Ujiji ni kwamba "ndiko reli ya kati inakoishia." Amekosea. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912, na mwaka 1914 ikaishia Kigoma, kilomita chache kutoka Ujiji. Kama jina lingekuwa wasifu uliofupishwa, mwanafunzi huyu anaposema "Ujiji" angekuwa anaitaja Kigoma, kwa kuwa Kigoma ndiyo inayotimiza wasifu wake. Sentensi yake ingekuwa ya kweli, na mwalimu asingekuwa na haki ya kumsahihisha. Lakini mwalimu anamsahihisha, naye anakubali mara moja kwamba alisema uongo juu ya Ujiji. Hadai kwamba alisema kweli juu ya mji mwingine.

Historia ya njia hii ina mfano mkubwa zaidi. David Livingstone alifika Nyangwe kwenye Mto Lualaba mwaka 1871. Aliamini kwa nguvu kwamba Lualaba ndio mwanzo wa Naili. Baada ya kukutana na Henry Stanley huko Ujiji, alikaa Kwihara, jirani na Tabora, kuanzia Februari hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi, kisha akaenda kusini kutafuta chemchemi za mto huo, na mwaka 1873 akafia safarini. Mwaka 1877 Stanley aliufuata Lualaba hadi Bahari ya Atlantiki, na dunia ikajua kwamba ni Mto Kongo. Wasifu muhimu kuliko wote ambao Livingstone aliufungia jina hilo ulikuwa wa uongo. Je, tuseme kwamba "Lualaba" katika kinywa chake lilikuwa jina la Naili? Tukisema hivyo, tumefuta kosa lake, na pamoja na kosa tumefuta ugunduzi. Jambo la busara ni kukubali kwamba aliutaja mto uleule alioutaja Stanley, mto ambao wenyeji wa Nyangwe waliuita hivyo kabla yao wote, na kwamba aliyoyasema juu yake hayakuwa sahihi.

*Kwa ufupi:* wasifu unasaidia kumtambua mwenye jina, lakini hauwezi kuwa ndio kifungo chenyewe, kwa sababu kifungo hubaki hata wasifu ukiwa wa uongo.

Jibu la tatu: mnyororo

Januari 1970, katika mihadhara mitatu aliyoitoa Chuo Kikuu cha Princeton bila kusoma karatasi, Mmarekani Saul Kripke alipendekeza njia nyingine. Kitu hupewa jina mara ya kwanza na watu waliokuwa nacho. Hao hulitumia mbele ya wengine, na wengine hulipokea kwa nia ya kukitaja kitu kilekile walichokitaja waliowapa. Jina hupita kutoka mdomo hadi mdomo, na aliye mwisho wa mnyororo anakitaja kitu kilicho mwanzoni, ajue au asijue sifa zake. Mwanafunzi wa Tanga analipata jina "Ujiji" kwa mwalimu, mwalimu kwa kitabu, kitabu kwa wasafiri, na wasafiri kwa wakazi wa Ujiji. Hapo ndipo jina linaposhika.

Hilary Putnam, naye Mmarekani, aliongeza jambo ambalo wanunuzi wa mbao watalielewa haraka. Mtu wa Dar es Salaam anaagiza kitanda cha mninga. Huenda hawezi kuutofautisha mninga na mkongo. Fundi wa Tabora anaweza. Akiukata mti mbichi anauona utomvu mwekundu kama damu, na akilitazama tunda lake analitambua kwa ubawa wa duara uliozunguka kitovu chenye miiba. Mnunuzi hana ujuzi huo wala hauhitaji, kwa sababu neno lake linategemea ujuzi wa fundi. Putnam aliuita mpango huu ugawaji wa kazi katika lugha. Tazama pia linalofuata: muuzaji akimpa mnunuzi ubao mwingine mwekundu uliopakwa rangi, amemdanganya. Kama "mninga" katika kinywa cha mnunuzi lingemaanisha tu "ubao mwekundu mzuri", kusingekuwa na udanganyifu wowote. Udanganyifu unawezekana kwa sababu neno linashika mti wenyewe, hata pale mnunuzi anapokuwa na wasifu hafifu.

Mnyororo unalijibu hata fumbo la Frege. Majina "Tippu Tip" na "Hamed bin Muhammed" yalisafiri katika minyororo miwili tofauti, mmoja ukipita kambi za Manyema, mwingine ukipita barza za Zanzibar. Anayeambiwa kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja anaambiwa kwamba minyororo miwili imefungwa kwa mtu yuleyule. Hiyo ni habari kweli, na haihitaji kulifanya jina kuwa wasifu.

Ziwa lisilokuwapo

Sasa tufike kwenye pingamizi zito kuliko yote. Katikati ya miaka ya 1850, wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, waliofanya kazi katika pwani ya Afrika Mashariki, walichora ramani iliyowashangaza wanajiografia wa Ulaya. Katikati ya bara walionyesha ziwa moja kubwa mno, lililojipinda kama koa, wakaliita Bahari ya Uniamesi, yaani ya Unyamwezi. Hawakulibuni. Waliwauliza wafanyabiashara wa misafara. Waliokwenda bara kwa kupitia Kilwa walisema wamefika kwenye maji makubwa. Waliopita Bagamoyo wakasema vilevile. Habari zilizoletwa kwa njia za kaskazini nazo zilitaja maji yasiyo na mwisho. Kila mmoja alisema kweli. Kosa lilitokea mezani, pale maji matatu yalipochorwa kuwa moja.

Jina hili lilikuwa na mnyororo, tena wa watu waaminifu. Lakini hakuna kitu kimoja mwishoni mwake. Hapa mtetezi wa wasifu atasimama na kusema: jina "Bahari ya Uniamesi" lilikufa kwa sababu wasifu wake ulikuwa wa uongo, basi wasifu ndio unaoamua. Pingamizi hili ni la haki na linastahili jibu kamili. Jibu linapatikana tukiweka kando kwa kando majina mawili tuliyokwisha kuyaona. Wasifu wa Livingstone juu ya Lualaba ulikuwa wa uongo, na jina likaendelea kuishi. Wasifu wa wamisionari juu ya Uniamesi ulikuwa wa uongo, na jina likafa. Kama uongo wa wasifu ndio unaoua jina, yote mawili yangekufa. Tofauti yao iko kwenye minyororo. Nyuzi zote za jina "Lualaba" zilifika kwenye mto mmoja. Nyuzi za "Uniamesi" zilifika kwenye maziwa matatu. Kwa hiyo hata kushindwa kwa jina hili kunaelezwa na mnyororo, si na wasifu.

Hata hivyo pingamizi hilo linatufunza jambo. Mnyororo peke yake haujui kwamba umechanganyika. Mwingereza Gareth Evans alilikazia jambo hili mwaka 1973 kwa mfano wa Bahari ya Hindi. Marco Polo aliandika habari za kisiwa kikubwa cha Madagaska, akakijaza tembo na ngamia, wanyama ambao si wa kisiwa hicho. Jina lenyewe linadhaniwa kuwa lilikuwa la sehemu ya bara, huenda Mogadishu, nalo likahamia kisiwani kwa kutoelewana. Marco Polo alikusudia kulitumia kama alivyolipokea, lakini leo linakitaja kisiwa. Kwa hiyo mnyororo unaweza kuhama. Kinacholifungia jina mahali papya ni watu, kizazi baada ya kizazi, kulitumia wakiwa mbele ya kitu chenyewe: mabaharia wanaotia nanga hapo na wafanyabiashara wanaonunua hapo.

Njia panda ya Kazeh

Ni wapi basi kosa la ramani lilikogunduliwa? Burton na Speke walifika Kazeh, makazi ya Waarabu yaliyokuwa mahali pa Tabora ya leo, Novemba 1857, wakiwa na ramani hiyo. Waliifungua mbele ya Snay bin Amir, mfanyabiashara kutoka Omani aliyekuwa mwenyeji wao. Snay aliwaeleza kwamba wamisionari wameunganisha vitu vitatu: Nyasa liko peke yake kusini, ziwa la Ujiji liko peke yake magharibi, na ziwa la Ukerewe liko peke yake kaskazini, tena ndilo kubwa kuliko lile la Ujiji. Wasafiri hao waliliona Ziwa Tanganyika Februari 1858, na katikati ya mwaka huohuo Speke akaondoka Kazeh kwenda kaskazini akaliona la Ukerewe. Mambo yalikuwa kama walivyoambiwa.

Snay aliweza kulitambua kosa hilo kwa sababu ya mahali alipokaa na watu aliowasikiliza. Kazeh ilikuwa njia panda. Msafara wa magharibi ulikwenda Ujiji, wa kaskazini ulikwenda Karagwe na Buganda, na habari za kusini nazo zilipita hapo. Yeye mwenyewe alikuwa amefika Buganda enzi za Kabaka Suna. Kule pwani, kila bandari ilipokea mnyororo wake mmoja, kwa hiyo mtu wa Kilwa na mtu wa Bagamoyo waliweza kutumia maneno "ziwa kubwa" kwa miaka bila kujua kwamba wanataja maji tofauti. Kazeh minyororo ilikutana, na watu waliotoka kwenye maziwa mbalimbali waliweza kuulizana mbele ya mashahidi. Hapo ndipo jina lililochanganyika linapochambuliwa.

Linabaki pingamizi moja. Msomaji atauliza kama nadharia hii haimpi mwenye nguvu haki ya kuamua. Speke alilipa ziwa la kaskazini jina la Malkia Victoria, ingawa wakazi wa mwambao wake walikuwa na majina yao, kama Nalubaale la Waganda. Jibu ni kwamba nadharia ya mnyororo inaeleza jinsi jina linavyoshika kitu, na haihalalishi aliyelipa. Zaidi ya hapo, inatupa sababu ya kuyaheshimu majina ya zamani. Speke aliweza kuliita ziwa hilo "Victoria" kwa sababu tu jina "Ukerewe", lililopokewa kutoka kwa watu wa misafara, lilimwelekeza mahali pa kulitafuta. Jina jipya liliegemea mnyororo wa zamani. Anayeyafuta majina ya zamani kwenye kumbukumbu anaukata mnyororo uliolileta hata jina lake mwenyewe.

Muhtasari wa sura

- Mill alikuwa sahihi kwamba jina hulenga kitu chenyewe, lakini hakueleza linakifikiaje.
- Frege na Russell walikuwa sahihi kwamba wasifu hutusaidia kutambua na kutafuta, lakini walikosea kuufanya kuwa kifungo.
- Kripke na Putnam walikuwa sahihi kwamba tunategemea waliotupa jina na wenye ujuzi wa kitu.
- Evans alikuwa sahihi kwamba mnyororo unaweza kupotoka.
- Njia ya misafara inaongeza la tano: mnyororo hunyooshwa pale unapokutana na mingine, mbele ya watu waliokiona kitu.

Jambo hili linatuhusu katika shughuli zetu za kila siku. Kesi nyingi za mashamba hugeuka kuwa ubishi wa majina: mpaka uliotajwa kwenye hati ni kijito gani, mti gani, kilima gani. Wanaokusanya historia za koo hukuta watemi wawili wenye jina moja, au mtemi mmoja mwenye majina mawili. Katika hali hizo, kubishana juu ya wasifu pekee hakutufikishi mbali, kwa sababu pande zote mbili zinaweza kuwa na wasifu wenye makosa. Uliza maswali matatu:

1. Jina hili ulilipokea kwa nani, na yeye alilipokea kwa nani?
2. Je, mnyororo huo unafika kwa mtu aliyekuwa mbele ya kitu chenyewe?
3. Nani mwingine analijua jina hili kwa njia tofauti, na mmewahi kukutanishwa?

Swali la tatu ndilo tunalolisahau zaidi, nalo ndilo lililoyatenganisha maziwa matatu. Wazee wanaojua majina ya vijito, mapori na visima vya Unyamwezi bado wapo, na kila mmoja ana mnyororo wake. Wakutanishwe, waulizwe wakiwa pamoja, na majibu yao yaandikwe pamoja na majina ya waliowapa.